Jicho la Kisogoni

Jumanne, saa moja kasorobo, manyunyu ya Cardiff
yasiyoloanisha nguo ila yanaloanisha mifupa,
gari la rangi ya fedha lilinipita karibu hivi.
Karibu hivi, nilimwonyesha polisi kwa viganja,
kama fundi cherehani anayekadiria kola.
Kioo chake kilinigonga kiwiko,
kikajikunja, kikajikunjua, likaenda zake.
Polisi aliandika: Eluned Prosser, baiskeli, kiwiko.
Akauliza namba ya gari. Sikuwa nayo.
Akauliza shahidi. Nikamtaja shakwe
aliyekuwa juu ya nguzo ya taa.
Hakucheka. Alifunga daftari.

Ndiyo maana nimesimama dukani kwa Gethin,
naye amenipangia macho mezani kama karanga.

Hili ni dogo kuliko kiberiti,
picha yake angavu hadi unahesabu vipele vya lami,
ila betri inakufa baada ya dakika hamsini.
Safari yangu ni dakika arobaini na tano
bila upepo.
Tukatazamana. Lini hapa pakawa bila upepo?

Hili la kofiani linageuka unapogeuka;
ukimtazama mbwa, linamtazama mbwa,
na anayekuua yuko upande wa pili.

Hili likijaa linafuta ya jana ili liandike ya leo.
Nikasema, hata mama alikuwa hivyo mwisho mwisho.
Gethin akaipangusa lenzi kwa pindo la shati,
akaipangusa tena.

Je, usiku, mvua ikinyesha, litasoma namba?
"Hakuna linalosoma usiku wa mvua," akasema.
"Anayekuambia linasoma, anauza."
Kwa sababu hiyo nikanunua.
Pauni mia na arobaini: matairi mawili na breki mpya.
Lile linalofuta. Limekaa chini ya kiti,
linatazama nyuma, maana kisogo hakina macho
na kiwiko hakina kumbukumbu ila maumivu.

Wiki nzima nilimngoja mhalifu.
Madereva wote wakawa malaika,
wananizunguka kwa upana wa kitanda,
mmoja akanipisha hadi nikakasirika.

Usiku, mezani jikoni, chai imepoa,
naitazama barabara ikinikimbia.
Kila kitu kinaanza kikubwa kisha kinapungua:
daraja la mto Taff, mkate wa duka la kona,
mwanamke anayefungua pazia saa moja na dakika sita.
Kuna mzee mwenye koti la njano
ambaye kila asubuhi huninyanyulia mkono
nikishampita.
Miaka mingapi? Sijawahi kumwitikia.

Halafu Alhamisi.
Magari yamesimama mstarini nyuma yangu,
yote, kwa adabu, kama wanafunzi wa siku ya kwanza.
Mimi peke yangu ndiye ninayekwenda.
Kivukoni mtoto wa shule anaruka kinyumenyume,
kipande cha mkate kinamtoka mkononi,
anakitazama chini, ananitazama mimi,
anapungua, anapungua,
hadi anakuwa mdogo kuliko kiberiti.

Nilirudisha nyuma. Nikarudisha tena.
Karibu hivi.
"Nyani," nikasema kwa sauti, jikoni, peke yangu,
na sikumalizia methali.

Kuna kitufe cha kuhifadhi.
Nisipokibonyeza, Jumatatu itaandikwa juu ya Alhamisi
na mkate ule utakuwa haujaanguka.
Kidole changu kilikaa juu yake
hadi friji ikaacha kunguruma.

Nimebonyeza. Sijui nimhifadhie nani.

Leo nimemnyanyulia mkono mwenye koti la njano
kabla sijamfikia; amegeuka kuangalia nyuma yake
nani anayesalimiwa.
Kivukoni nimesimama. Mtoto hayupo.
Taa imekuwa kijani nami bado namtafuta,
na gari la nyuma limenipigia honi, ndefu, ya matusi.
Piga tu, ndugu.
Namba yako ninayo.